Gemu Iliyochorwa Kabla ya Kufika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kusafisha brashi za baba yake. Alizitoa kwenye kopo la thina ya kuoshea rangi, akazifuta kwa kitambaa kikuukuu, akazipanga juu ya ubao kwa ukubwa, nyembamba za kuandikia herufi mwanzo, pana za kupakia ukuta mwisho. Kazi yenyewe haikuhitaji maneno hata moja, lakini yeye aliifanya akiongea toka brashi ya kwanza hadi ya mwisho. Jina lake la utani lilitokana na hilo. Chiriku ni ndege asiyejua kufunga mdomo, na binti huyu wa darasa la sita alisambaza habari haraka kuliko gazeti.

Baba yake alikuwa mchora mabango. Watu walimwita Fundi wa Kona, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya barabara mbili, na jina hilohilo aliliandika kwa herufi ndogo chini ya kila bango alilolimaliza. Wachora mabango wengine huchora wanachoambiwa. Yeye alikuwa na mwiko wake: hachori kitu ambacho hakijaonekana. Kinyozi alipotaka mitindo sita ya nywele ukutani, ilimbidi kwanza anyoe vichwa sita, fundi ameketi pembeni na penseli yake. Mwenye bucha aliambiwa ulimi hauandikwi kwenye orodha mpaka siku utakapokuwepo, na kweli fundi alikuja kuitwa wiki mbili baadaye auone ulimi. Watu walimcheka, lakini walijua kwamba alichokiandika Fundi wa Kona kipo dukani.

Kwa sababu hiyo muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa amemchagua kuandika maelekezo ya afya kwenye kuta za ukumbi wa wagonjwa. Ilikuwa kazi ya miezi minne, ndani, kivulini, bila kupanda ile ngazi ndefu iliyokwisha kumwangusha mara mbili na kumwachia goti bovu. Walikuwa wamekubaliana kwa mdomo tu, na kazi ingeanza baada ya miezi miwili. Baba aliitaja kila siku wakati wa kula.

Kipindi hicho darasa la sita halikuwa na habari nyingine ila gemu moja ya mpira ambayo bado haijatoka. Iliitwa Mabingwa wa Mtaa. Hakuna aliyewahi kuicheza, wala kuishika, wala kumjua aliyeishika, na pengine ndiyo sababu kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Chiriku alizipata habari zake kwenye simu ya mama yake, mama akiwa jikoni, kutoka kwa kijana mmoja aliyerusha video kila jioni. Kijana huyo alikuwa fundi wa maneno. Alisema huenda gemu hiyo ikachezwa na watu wanane kwa pamoja. Alisema inasemekana wachezaji wake wataongea Kiswahili. Nyuma yake zilipita picha za uwanja uliofurika watu, muziki ukipigwa, na siku zilizobaki zikihesabiwa kwa tarakimu nyekundu.

Chiriku alipoyafikisha maneno hayo shuleni, zile "huenda" na "inasemekana" zilikuwa zimedondoka njiani. Watacheza watu wanane. Wachezaji wanaongea Kiswahili. Hakuwa amekusudia kudanganya. Habari yenye "huenda" haina ladha, na wenzake walizoea kuletewa habari iliyoiva. Lakini Jumatatu moja walimzunguka nje ya darasa naye hana jipya, akaona mmoja mmoja wanaanza kugeuka kwenda zao. Hapo akaropoka kwamba gemu ile itampiga picha mchezaji na kumwingiza uwanjani kwa sura yake mwenyewe. Hilo hakulisikia popote. Alilitunga papo hapo, na wote wakarudi.

Alhamisi, kwenye bomba la maji, msichana mmoja wa shule ya jirani alimweleza kwamba Mabingwa wa Mtaa inachukua sura yako, na kwamba ukinyoa nywele, hata yule wa kwenye gemu anakuwa amenyoa. Chiriku alibaki mdomo wazi. Kumbe ni kweli, alijiambia. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umezunguka mitaa mitatu ukamrudia umevaa nguo mpya, naye akaukaribisha kama mgeni asiyemjua. Kesho yake aliwaambia wenzake waache wasiwasi, kwa maana lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mtu mzima aliyeamini kuliko wote alikuwa Mama Chaji. Mama huyu alianza kwa kuchaji simu za watu, ndipo jina likamganda, halafu akanunua runinga mbili na mashine mbili za gemu, akaweka benchi refu, chumba kikawa cha watoto wa mtaa mzima. Sasa karibu na soko kilikuwa kimefunguliwa chumba kingine, na wateja wake walikuwa wanachungulia huko. Akaja kwenye kibanda cha Fundi wa Kona na ombi: ukuta wote wa mbele uchorwe Mabingwa wa Mtaa, ili wateja wajue kwamba itafikia kwake.

Baba akauliza gemu iko wapi aione. Akajibiwa inatoka baada ya wiki tano. Baba akasema basi ataandika jina na tarehe, picha zitafuata. Mama Chaji hakulipenda hilo. Jina na tarehe hata yeye angeweza kuandika kwa mkaa. Kisha akamnyooshea kidole Chiriku, aliyekuwa amesimama pale na sare ya shule, akasema binti huyu anaijua hiyo gemu kuliko walioitengeneza, aulizwe yeye.

Baba akamgeukia.

"Umeiona kwa macho yako?"

Chiriku alikuwa ameona picha za uwanja uliofurika. Gemu yenyewe hakuiona, na tofauti aliijua vizuri. Lakini Mama Chaji alikuwa akimtazama, na mlangoni walikuwa wamesimama wenzake wanne, nao wakimtazama.

"Nimeiona, baba."

"Wanacheza watu wanane?"

"Wanane."

"Kwa sura zao?"

"Kwa sura zao wenyewe."

Fundi wa Kona akakuna kidevu. Tangu aanze kazi hajawahi kuchora kwa macho ya mtu mwingine. Lakini goti lilikuwa likimuuma, na aliyesema "nimeiona" alikuwa mwanawe wa kumzaa. Akasema macho ya mwanangu ni yangu, akainuka kutafuta kamba ya chaki ya kupigia mistari.

Ukuta ule ulichukua siku nne. Kwa kuwa gemu inaingiza sura za watu, baba aliamua kuchora sura za watu. Akachagua watoto wanane wa mtaa, akawaketisha mmoja mmoja kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawachora. Alikuwemo Kijiti, rafiki wa Chiriku, mwembamba mpaka baba akatania kwamba huyu anamalizika kwa mpako mmoja wa brashi. Walikuwemo mapacha wa fundi cherehani, na mjukuu wa muuguzi mkuu, na Chiriku mwenyewe katikati, mguu mmoja juu ya mpira. Juu yao baba aliandika: CHEZENI WANANE, KWA SURA ZENU. Chini pembeni akatia jina lake. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kutazama, na wale wanane walitembea wamenyoosha shingo wiki zote zilizobaki.

Gemu ilifika Jumamosi asubuhi. Chumba cha Mama Chaji kilijaa mpaka dirishani. Mama Chaji akaingiza diski, runinga ikawaka, ikaonyesha uwanja mtupu, kisha ikauliza padi za kuchezea ziko ngapi. Ilitaka mbili. Wakachomeka ya tatu, haikuitambua. Wachezaji waliongea, lakini kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani. Kijiti alipewa nafasi ya kwanza, akabonyeza kila kitufe akitafuta mahali pa kuweka sura yake, akafungua kila ukurasa, akarudi mwanzo, akafungua tena. Hapakuwa na mahali pa kuweka sura ya mtu. Mama Chaji akavaa miwani, akalisoma boksi nyuma. Liliandikwa mchezaji mmoja hadi wawili.

Wote wakamtazama Chiriku. Yeye akasema huenda kuna kitu hakijafunguka, huenda ni diski, huenda itaongezwa baadaye. Mmoja wa mapacha akamuuliza kwa upole kabisa aliiona wapi. Chiriku alijifanya anaitwa na mama yake, akatoka.

Kufikia jioni benchi lilikuwa tupu. Jumapili asubuhi, chini ya jina la Fundi wa Kona, mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa mkaa neno moja: MWONGO. Baba alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Mkaa ulitoka, lakini aliyeandika alikuwa ameikwaruza rangi, na alama za herufi zikabaki, zinasomeka ukisimama karibu. Mama Chaji alikuja akaongea naye kwa sauti ya chini. Chiriku angependa kama angepiga kelele.

Jumatatu muuguzi mkuu alisimama kibandani akielekea kazini. Hakukaa. Alisema hupita mbele ya ukuta ule kila siku, na mjukuu wake amelia Jumamosi nzima, lakini hakuja kwa ajili ya kilio cha mtoto.

"Fundi, wenye mkono mzuri wapo wengi hapa mjini," alisema. "Mimi nilikuchagua kwa sababu ukiandika kitu, kipo. Ukuta wangu utasomwa na mama aliyebeba mtoto anayeharisha. Nikishaanza kuwa na wasiwasi na uandishi wako, sina njia ya kukupa kazi ile."

"Nimekuelewa, Sista," baba akajibu.

Hakusema aliambiwa, wala hakumtaja aliyemwambia. Chiriku alikuwa nyuma ya ubao wa brashi, hatua mbili kutoka hapo, na brashi mkononi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Muuguzi alipoondoka, baba aliinama akaanza kulisugua goti lake.

Siku hiyo shuleni Chiriku hakusema kitu. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Aliporudi alimkuta baba anakata mbao, akasimama mbele yake kabla hajavua hata mkoba.

"Baba, sikuiona ile gemu."

"Hilo nimelijua tangu Jumamosi."

"Mbona hukumwambia Sista kwamba ni mimi?"

"Jina lililoandikwa pale ni langu. Wewe ulisema, lakini aliyechora ni mimi."

Chiriku akaanza kulia. Alieleza vilivyo: video, zile "huenda" alizoziacha njiani, picha za uwanja. Baba alimsikiliza akiendelea kukata. Ndipo binti akasema kwamba habari ya sura hakuisikia hata kwenye video. Aliitunga mwenyewe, kwa kuwa wenzake walikuwa wanaondoka. Msumeno ukasimama. Hilo baba hakulijua. Aliketi juu ya ndoo ileile aliyowaketishia watoto.

"Kesho utapita kwa kila uliyemwambia," alisema. "Uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Usipunguze."

"Ni wengi, baba."

"Basi amka mapema."

Akaamka mapema. Mapacha walimsikiliza wakiwa wamekunja uso kwa pamoja, wakamwambia hawataongea naye mwezi mzima, na kwa kuwa walikuwa wawili, alihisi ni miezi miwili. Kijiti hakukasirika. Alisema tu kwamba Ijumaa ile alimwomba baba yake ampeleke kwa kinyozi, ili aingie kwenye gemu akiwa nadhifu. Chiriku aliona afadhali angetukanwa. Kwenye bomba alimkuta yule msichana wa shule ya jirani, akamweleza kwamba habari ya sura ilikuwa uongo na yeye ndiye aliyeutunga. Msichana akakataa katakata. Alisema habari hiyo ni ya kweli, ila wameificha, itatoka kwenye gemu ya pili, na ana binamu anayejua. Chiriku alibishana naye mpaka ndoo zikajaa, akashindwa. Aliondoka pale na hofu, kwa sababu alichokianzisha kilikuwa hakimsikilizi tena.

Kwenye zahanati alipanga foleni kama wagonjwa wengine, katikati ya mzee mwenye kikohozi na mama mwenye mtoto mchanga, mpaka zamu yake ilipofika. Akamwamkia muuguzi mkuu, akaeleza yote amesimama wima. Muuguzi alimsikiliza bila kuweka kalamu chini.

"Baba yako kakutuma?"

"Kanituma niseme, Sista. Hakunituma niombe."

Muuguzi akasema amesikia. Akaongeza kwamba kusema ni jambo jema, lakini uongo ule bado umeandikwa ukutani, na yeye atapita kuona wataufanyaje. Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Baba alitaka kupaka chokaa ukuta wote. Chiriku ndiye aliyemkumbusha kwamba wale wanane hawakufanya kosa lolote. Wakaenda wote wawili kwa Mama Chaji kumwomba ruhusa ya kuuchora upya ukuta, rangi ikiwa ya fundi mwenyewe. Mama Chaji alinuna mwanzoni, akauliza sasa wanataka kumchorea nini, tembo anayeruka? Baba akamjibu kwamba safari hii atachora kilichomo chumbani, akaingia ndani na penseli, akakaa nusu siku akiwatazama wateja wachache waliobaki.

Ukuta mpya ulimalizika Jumamosi. Runinga ilikuwa katikati. Kijiti na pacha mmoja walikuwa wameshika padi. Wengine sita, kwa sura zao zilezile, walikuwa wamebanana kwenye benchi wakisubiri: mmoja anapiga miayo, mwingine ananyoosha kidole kufundisha asichokijua, na Chiriku mwishoni kabisa, paja moja likiwa hewani kwa kukosa nafasi. Juu yake kuliandikwa: WACHEZAJI WAWILI. WENGINE SUBIRINI ZAMU. BENCHI LIPO. Mama Chaji alikuja na uso wa ugomvi, akaanza kusoma, na kicheko kikamponyoka. Watoto walikuja kujitafuta ukutani, wakaingia kuthibitisha, na benchi likajaa kama lilivyochorwa. Gemu yenyewe, ukiacha iliyosemwa juu yake, ilikuwa nzuri tu. Mapacha walisamehe kabla mwezi haujaisha, kwa kuwa mtu wa kubishana naye magoli alihitajika.

Muuguzi mkuu alipita, akasimama, akamtafuta mjukuu wake kwenye benchi, akampata. Wiki iliyofuata aliagiza fundi aje. Hakumpa kuta zote. Alimpa ukuta mmoja, ule ulioko mkabala na mlango, na akasema zilizobaki zitategemea huo. Maandishi yalikuwa ya maji ya kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chiriku alikuja baada ya masomo kushika karatasi na kusoma, baba akiandika. Kila mstari ulipokamilika, muuguzi alitoka chumbani kwake akaulinganisha na kitabu chake, herufi kwa herufi.

Siku ya tatu, rangi haijakauka, mama mmoja alisimama mbele ya ukuta na mtoto aliyelegea begani. Alisoma kwa midomo, taratibu, akahesabu vidole mpaka sita. Baba alikuwa ametoka kuosha mikono. Yule mama akamgeukia Chiriku, akamuuliza kama chumvi ni nusu kijiko kweli au kijiko kizima.

"Ni nusu, mama. Kijiko kidogo cha chai, kisawazishwe, kisiwe na kilima."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama maji hayo yanashusha na homa pia, maana mtoto alikuwa anachemka. Alimtazama Chiriku usoni kama mtu anayetazama daktari. Zamani jibu lingekuwa limekwisha kutoka. Chiriku aliona wazi kwamba neno lolote atakalosema, mama huyu ataondoka nalo hadi nyumbani.

"Hilo silijui," alisema. "Ngoja nikuitie Sista."

Akakimbia kumwita. Muuguzi alimpima mtoto homa, akamshika tumbo, akampeleka ndani moja kwa moja kwa daktari. Aliporudi aliwakuta baba na binti wamesimama mbele ya ukuta, akamwambia baba kwamba keshokutwa waanze ukuta wa pili, na wa tatu, na wa nne. Baba alishukuru, akageuka upande kidogo, akajifuta macho kwa mkono wenye rangi.

Kisha muuguzi akamwambia Chiriku, "Mtu anayekuuliza jambo amekukabidhi kitu chake. Leo mama yule alikukabidhi mtoto. Ukijua, mwambie, usipojua, mwambie hujui. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema hajui, ila wengi wameumia kwa kuambiwa na wasiojua."

Chiriku akasema amesikia. Akaiokota karatasi, akatafuta mstari uliofuata, akamsomea baba yake polepole.